Usafi wa Nyumba Hufuata Maji

Ushauri mwingi kuhusu usafi wa nyumba umeandikwa kwa ajili ya mtu anayefungua bomba na maji yakatoka. Anaambiwa Jumatatu adeki, Jumanne afue, Jumatano asugue bafu, na asipoweza anahesabiwa mvivu. Mama wa vijiji vyetu vya Idodi, Mapogoro au Tungamalenga, mkoani Iringa, akipewa ratiba ya namna hiyo huiweka pembeni, na ana haki. Yeye akiamka, kabla hajajiuliza leo ni siku ya kazi gani, inambidi ajue maji yamefika nyumbani kiasi gani, na saa ngapi.

Kwa hiyo tusiipange kazi kwa siku za juma kwanza. Tuipange kwa maji. Ndoo ya lita 20 ina uzito wa kilo 20 na ushei juu ya kichwa cha mtu. Nyumba ya watu sita ikipata ndoo sita kwa siku, kila mtu ana lita 20 za kunywa, kupikia, kuogea, kuoshea vyombo na kufanyia usafi wote. Shirika la Afya Duniani hutaja lita 20 hivi kwa mtu kwa siku kuwa ni kiwango cha msingi tu, na kiangazi zipo nyumba zisizofikia hata hapo. Ndiyo maana nasema kwa uchungu kwamba maji yaliyotumika mara moja kisha yakamwagwa uwanjani ni jasho la mtu limemwagwa.

Maji yanayoingia nyumbani yawe na safari, kuanzia kazi safi kwenda kazi chafu. Ya kunywa yatengwe mapema, yachemshwe au yatiwe dawa, yakae kwenye chombo chenye mfuniko na kata yake yenye mpini mrefu ili mkono wa mtu usizame ndani. Hayo hayaguswi kwa kazi nyingine. Yanayobaki ndiyo yanayosafiri. Maji uliyosuuzia vyombo leo asubuhi bado ni safi vya kutosha kuoshea vyombo vya mchana kwa sabuni. Maji ya povu yaliyooshea vyombo, mabaki ya chakula yakishachujwa, yanatosha kusugulia sakafu ya choo. Ukifua, maji ya mwisho ya kusuuzia nguo ndiyo ya kupiga deki kama una sakafu ya saruji, au ya kunyunyizia sakafu ya udongo kabla ya kufagia. Ukishadeki, yaende chooni, na yasiyohitajika chooni yaende kwenye shina la mpapai au mgomba. Kwenye mchicha usiyamwage.

Ukiishi na utaratibu huo kwa muda utagundua jambo: kazi zinajipanga zenyewe. Siku ya kufua inakuwa siku ya kudeki na siku ya kusugua choo, kwa sababu maji ni yale yale. Huna haja ya kukumbuka ratiba ya siku saba iliyobandikwa ukutani. Kinachotakiwa ni mabeseni mawili, ndoo moja kuukuu isiyoingia jikoni kabisa, na nidhamu ya kutomwaga kabla ya kuuliza, "Haya yana kazi gani tena?"

Asubuhi sina mengi ya kusema, kwani mtu wa kwetu huamka na fagio mkononi. Nitasisitiza moja tu. Tarafa yetu ya Idodi iko upande wa bonde la Ruaha, chini ya uwanda ulipo mji wa Iringa, na tangu Juni hadi mvua zianze vumbi ni la kukata pumzi. Magari yanayokwenda Msembe, makao makuu ya Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, yanalipeperusha, na upepo wa alasiri unalimalizia. Kufagia vumbi kavu ni kulihamisha tu kutoka sakafuni kwenda kwenye vyombo, kwenye kitanda na kwenye kifua cha mtoto. Nyunyiza kwanza, subiri udongo unywe, kisha fagia taratibu kuelekea mlangoni. Na kama kuna vumbi la kufutwa juu ya kabati, dirishani au kwenye kenchi za paa, lifutwe kabla ya kugusa sakafu. Vijana wetu waliopata kazi ya kusafisha vyumba kwenye kambi za watalii za Tungamalenga wanaujua mpango huu: juu kwanza, chini mwisho, kona ya mbali kwanza, mlango mwisho, chumba cha leo kama cha jana. Hawafikirii waanze wapi, na kwa hiyo hawachoki kabla hawajaanza. Ujuzi huo urudi nao nyumbani.

Sasa twende jikoni, maana huko ndiko usafi wa nyumba unakopatikana au kupotea.

Tatizo kubwa la jiko la kuni ni masizi. Dada anakaa na sufuria moja nusu saa, anasugua kwa stilwaya hadi vidole vinauma, na sabuni yote inaishia kwenye mgongo wa sufuria badala ya tumboni mwake. Dawa yake ni ya kale na haigharimu kitu. Kabla sufuria haijapanda mafigani, ipake nje udongo laini uliokorogwa na majivu, au sabuni ya mche iliyolowanishwa. Masizi yatashika kwenye ule upako, na ukimaliza kupika utayatoa pamoja nao kwa maji kidogo sana. Ukoko wa ugali nao usiukwangue ungali mkavu. Mimina maji mara tu unapopakua, funika, kaleni kwanza. Mkimaliza kula, ukoko utakuwa umeachia wenyewe.

Majivu tuyaheshimu zaidi. Majivu ya kuni yaliyochekechwa yana ukali kama wa magadi, na yakikutana na mafuta hugeuka aina ya sabuni pale pale ndani ya sufuria. Sugua nayo kwa dodoki au kwa kumbi, kisha suuza mara moja. Usiyaache yalale ndani ya sufuria ya alumini kwa sababu yanaila. Weka kopo la majivu karibu na jiko na jingine chooni. Ukiyatupia kwenye shimo kila unapotoka, harufu hupungua na inzi hukosa raha. Mwaka mzima jiko lako linazalisha dawa ya usafi bure, na wengi wetu tunaikokota kwenda jalalani.

Kisha kuna kichanja. Vyombo vilivyooshwa vizuri vikawekwa chini, au vikapanguswa na kitambaa kilichofuta meza na pua ya mtoto, vimechafuka tena. Nguzo nne, fito, kamba, na kichanja kikiwa juu ya kiuno cha mtu mzima, mbali kidogo na njia ya kuku: jua linakausha, na mbwa hafiki. Jua letu ni kali, basi litumike. Usiku vyombo viingie ndani, kwa sababu panya nao wana ratiba yao.

Kwa habari ya panya, tuseme ukweli. Sisi ni wakulima wa mpunga na mahindi, na wengi wetu tunalala nyumba moja na magunia. Gunia likikaa sakafuni likiegemea ukuta, unakuwa umemjengea panya nyumba ndani ya nyumba yako. Magunia yapande juu ya chaga za mbao, yaache nafasi ya mtu kupita kati yake na ukuta, ili fagio lifike nyuma. Kila Jumamosi pita huko nyuma. Punje zilizomwagika zikusanywe siku hiyo hiyo zipewe kuku. Na mabaki ya chakula yafukiwe shimoni, yasitupwe nyuma ya nyumba, kwa maana kwetu kinachofuata jalala si paka tu. Kuna nyani, kuna fisi, na mtoto anayekwenda chooni usiku asikutane naye.

Chumba cha kulala huwa cha mwisho kufikiriwa kwa sababu mgeni hakioni. Naomba kipandishwe juu kwenye orodha yako. Nyumba za udongo zina mgeni wake anayeitwa papasi, kupe anayejificha mchana kwenye nyufa za kuta na kwenye vumbi la sakafu, kisha usiku hutoka kunyonya damu ya waliolala. Anaweza kuleta homa ya papasi: inapanda, inatulia siku kadhaa, mtu anadhani amepona, inarudi tena. Watu huidhania malaria. Mwenye homa ya aina hiyo aende zahanati na aseme nyumba yake ikoje. Lakini nyumbani kazi ni ya udongo na maji: ziba nyufa, siriba kuta upya kila mwaka mavuno yakishaisha, vuta kitanda kikae shibiri moja kutoka ukutani, na usiruhusu shuka iburuzike chini. Wanaolala kwenye mkeka juu ya sakafu ndio huumwa zaidi, na mara nyingi ni watoto. Kitanda cha kamba cha fundi wa kijijini ni kifaa cha afya kama kilivyo chandarua.

Funza naye hupenda sakafu hiyo hiyo kavu yenye vumbi. Sakafu ya udongo iliyosiribwa vizuri, ikanyunyiziwa, ikafagiwa kila siku, haimpi mahali pa kuzalia. Mbuzi, nguruwe na mbwa walale nje, kwenye banda lao. Najua wakati mwingine mifugo huingizwa ndani kwa hofu ya fisi. Basi banda liimarishwe kwanza, usafi wa ndani utafuata.

Chandarua nacho kina masharti yake, na hapa watu wengi wenye bidii ndio wanaoharibu. Chandarua chenye dawa ya muda mrefu kimetengenezwa kistahimili kufuliwa mara 20 hivi na kutumika miaka 3. Ukikifua kila mwezi, ndani ya miaka 2 umeimaliza dawa. Mara moja kila baada ya miezi 3 inatosha. Tumia maji baridi na sabuni ya mche, usitumie sabuni ya unga yenye ukali wala dawa ya kung'arisha nguo, na ukianike kivulini kwa sababu jua linaiua ile dawa. Usikifulie mtoni. Dawa inayoua mbu inaua pia samaki, na mito na vijito vya kwetu ni mboga ya watu wengi. Maji ya kufulia chandarua uyamwage kwenye shimo, mbali na kisima. Godoro, mito na mablanketi ni kinyume chake: vitoke juani kila juma, vipigwe, vigeuzwe, na mishono ikaguliwe kama kuna kunguni. Ukimkuta, shuka ziende kwenye maji ya moto sana na kitanda kimwagiwe maji ya moto kwenye viungo vyake.

Kuhusu choo, Watanzania tumesemeshwa sana, na haikuwa bure. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya watu wapatao milioni 2 katika vikundi kuzunguka redio. Kwa majuma 12 walisikiliza kipindi, wakasoma kijitabu, wakajadili, kisha wakaenda kutenda: kuchimba choo, kufyeka majani, kufukia madimbwi. Nguvu ya kampeni ile, naamini, ilikuwa katika mpango wake wa juma kwa juma. Hakuna aliyeambiwa abadilishe nyumba yake yote kwa siku moja. Mwaka 2015 tulikumbushwa tena kwa njia chungu. Kipindupindu kilichoanzia Dar es Salaam mwezi Agosti kilienea mikoa mingi, hata tarehe 9 Desemba sherehe za Uhuru zikageuzwa kuwa siku ya kufanya usafi nchi nzima. Kazi ya choo kwa siku ni ya dakika chache: fagia, tupia majivu, funika tundu, hakikisha kuna maji na sabuni mlangoni.

Hapo mlangoni ndipo kibuyu chirizi kinapokuja. Kidumu cha lita 3 au 5, tundu dogo, kamba, kijiti cha kukanyagia, nguzo mbili na mti wa kulalia, na kipande cha sabuni kikining'inia. Unakanyaga, maji yanachirizika, hushiki chochote kwa mkono mchafu, na mtu mmoja ananawa kwa maji machache kuliko ya kikombe cha chai. Kwa nyumba inayohesabu ndoo sijui kifaa bora zaidi.

Akiugua mtu wa kuharisha au kutapika, majivu hayatoshi. Nunua klorini ya dukani, ile ambayo wengi tunaiita JIK, na usome kibandiko chake. Kama kinasema asilimia 3.5, kipimo kimoja cha dawa kwa vipimo sita vya maji baridi kinafaa kwa choo na mahali palipotapikwa. Changanya ya siku hiyo tu, kwa sababu nguvu yake hupotea. Usiichanganye kamwe na siki, ndimu au dawa nyingine ya choo, maana hutoa hewa ya sumu inayochoma mapafu. Na isikae kwenye chupa ya soda. Mtoto hajui kusoma.

Nani afanye yote haya? Kwa miaka mingi nyumba nyingi za Dar es Salaam zimesafishwa na mabinti waliotoka Iringa, na sifa ya uchapakazi wao inajulikana nchi nzima. Sifa hiyo ina upande wake wa giza: wamejifunza kazi hiyo wakiwa wadogo mno na peke yao, wakati kaka zao wanacheza mpira. Mvulana wa darasa la nne anaweza kufagia uwanja, kuosha vyombo na kujaza kibuyu chirizi. Msichana wa darasa hilo hilo asibebe ndoo mpaka akachelewa kengele ya shule. Gawa kazi kwa kifaa: mmoja ana fagio, mwingine ana beseni, mwingine ana dumu, na kila juma vifaa vibadilishane mikono. Mtoto akijua kifaa chake, huna haja ya kupiga kelele.

Baba naye ana sehemu yake, na mara nyingi hajaombwa kwa namna ya kueleweka. "Nyumba hii chafu" haimwambii mtu afanye nini. "Baba Tumaini, kesho kabla hujaenda shamba naomba unichimbie nguzo mbili za kibuyu chirizi" ni ombi lenye mwanzo na mwisho. Kichanja, chaga za magunia, mlango wa choo, banda, mfereji wa maji ya mvua: hizo ni kazi za siku moja moja zinazopunguza kazi ya kila siku kwa miaka. Jumamosi ya mwisho wa mwezi, ambayo nchi nzima imetengewa usafi, imfae kwa hilo. Kijiji kinafyeka barabara asubuhi, nyumba inakarabati kitu kimoja mchana.

Usiku kuna mzunguko mfupi nisioutaka mtu auruke. Mafiga yakaguliwe, kaa zifunikwe majivu, kuni zisogezwe mbali na moto, chombo cha maji ya kunywa kifunikwe. Kibatari au mshumaa usikae karibu na chandarua, nguo zilizotundikwa wala magunia. Idodi hatuwezi kulisema jambo hili juujuu. Agosti 2009 bweni la wasichana la Shule ya Sekondari Idodi liliungua usiku, watoto 12 wakafa, na ilielezwa kwamba moto ulianzia kwenye mshumaa wa kusomea. Taa ndogo ya sola ikipatikana, mtoto anayejisomea awe wa kwanza kuipata. Na njia kutoka kitandani hadi mlangoni iwe wazi kila usiku, bila ndoo, bila jembe, bila gunia.

Yote haya yanawezekana mwezi wa Septemba. Mwezi wa kuvuna mpunga hayawezekani, na ni vizuri kukubali mapema. Mama anatoka alfajiri, anarudi na giza, nywele zimejaa makapi. Katika majuma hayo shika mambo matatu tu: maji ya kunywa yafunikwe, mikono ioshwe, choo kipate majivu. Vumbi la kabatini lisubiri, mashuka yasubiri, kuta zisubiri. Makapi na vumbi la kupepeta viachwe nje: nguo za shamba zivuliwe mlangoni na kutundikwa kwenye msumari wa nje, miguu ioshwe kabla ya kuvuka kizingiti. Kazi ikipungua, usijaribu kulipa deni lote kwa siku moja. Anza na chumba wanacholala watoto, toa kila kitu juani, nyunyiza, fagia, siriba palipopasuka. Kesho yake jiko. Kwingine kutafuata kadiri ndoo zinavyoruhusu.